Nirudishie Nyota Zangu Mbili

Mwanangu Kabula,

Sianzi na hujambo, maana nakusikia kupitia ukuta unavyogombana na zipu ya begi, na bibi yako anavyokuambia utoe hilo blanketi la pili, Dodoma siyo Ulaya. Mimi niko huku mbele dukani. Mlango nimeurudisha nusu ili watu wadhani nimefunga. Jua bado lipo, mvua ya mchana imeacha matope mpaka kizingitini, na nimekaa kwenye lile kreti la soda unalokaliaga wewe.

Ningeweza kuja huko chumbani nikayasema haya kwa mdomo. Nimejaribu tangu asubuhi. Kila nikifika mlangoni naishia kukuuliza kama umekula, na wewe unasema umekula, basi narudi dukani. Kwa hiyo naandika. Mwandiko wangu unaujua, ni wa darasa la saba, uuvumilie.

Sitakuambia habari za kufua, wala kula, wala nani usimfungulie mlango. Hayo bibi yako ameyasema mpaka kuta zimeyakariri. Mimi nina jambo moja. Wiki hii umenishtua mara mbili, Kabula, na mara zote mbili ni kwa sababu ya nyota. Mshtuko wa kwanza ulinikasirisha. Wa pili umenitisha, na bado uko kifuani hapa, kama mtu aliyemeza kipande cha barafu. Kesho unapanda basi kwenda kuifanya kazi hiyohiyo ya kuwapa watu nyota, na sitaki uondoke kabla hatujaliweka sawa.

Wa kwanza ulikuwa Jumanne. Nilikuwa namtafutia mkanda wa feni yule dereva mnene wa Noah, yule anayeniitaga shemeji bila kuoa kwetu. Amesimama kaunta anachezea simu, mara akasema:

“Shemeji, hili duka si ndilo Kabula Spea?”

“Kwani ubao umeandikwaje?”

“Basi mmekuwa maarufu. Mpo kwenye simu.”

Nilitabasamu, mwanangu. Kazi yako nilikuwa naijua. Nilikuwa nimeshaitangaza Mabatini nzima kwamba binti yangu amepata kampuni Dodoma, wana programu yao ya simu ambayo mwenye gari anaifungua kabla hajanunua spea, aone duka gani linaaminika. Kwamba kabla ya kukuajiri walikupa jaribio: zunguka maduka ya kwenu Mwanza, nunua, tazama, sikiliza, kila duka ulipe nyota kuanzia moja mpaka tano na uandike sentensi chache. Nilijua na duka letu limo. Nilidhani umenipa tano. Hata sikuwa nimefikiri kama kuna namba nyingine.

Akasoma kwa sauti, kama mtu anayesoma matangazo ya kanisani:

“Kabula Spea. Nyota mbili. Muuzaji ana lugha nzuri na anakaribisha wateja. Akikuambia kitu kinatoka stoo, muulize stoo iko wapi. Ukirudisha kilichoharibika, usitegemee kusikilizwa.”

Na chini jina lako. Lote, mpaka la ukoo.

“Shemeji, kwani hamna stoo?” akasema. “Au stoo iko kwa mganga?”

Wateja wengine wawili wakacheka, na mimi nikacheka nao, maana ningefanyaje. Nilimfungia mkanda wa Corolla, mtu mwenye Noah, na akarudi baadaye kuubadilisha. Ule ubao niliuandika mwenyewe kwa brashi, wewe ukiwa mgongoni unanivuta nywele. Niliweka jina lako kwa sababu sikuwa na kitu kingine kizuri cha kuweka juu ya mlango. Sasa jina hilohilo limeninyooshea kidole. Jioni ile nilikupakulia ugali bila kukutazama, na wewe ukajua kwamba nimejua.

Wewe stoo unaijua, umekulia humu. Lakini nitaiandika kama vile hujui, ili na mimi niione nikiwa nje yake. Mteja akija na kitu sina, simwambii sina. Hapa mtaani neno hilo ni kama kumfukuza mtu. Namwambia, “Kaa hapo kidogo, kinatoka stoo,” nampa soda, napita mlango wa nyuma mpaka fremu ya Deus, jirani yetu anayeuza spea kama sisi, nachukua boksi, naongeza changu kidogo juu, narudi nikihema kama niliyepanda ghorofa. Deus naye akikosa anakuja kwangu. Wote tunaishi hivyo. Sijawahi kuuona ni uongo. Niliuona ni ujirani.

Sasa Yusta. Yule mama wa Kijita anayechukua dagaa Kayenze na kuwapeleka Kisesa kwa kirikuu chake, kile kigari cha mizigo chenye mlango mmoja wa bluu na mwingine mweupe. Anaendesha mwenyewe, amejifunga kitenge kama anakwenda vitani. Alikuja anataka beringi ya tairi la mbele. Sikuwa nayo, nikamwambia stoo. Wewe ulikuwa hapa kwenye kreti na simu yako, nikadhani uko kwenye mambo yenu.

Deus akanipa boksi jekundu linalong’aa. Sikulifungua. Hapo ndipo penyewe, Kabula. Mimi ambaye nikienda kununua kwa jumla nafungua kila boksi mpaka wananiita Mama Kuchungulia, hilo sikulifungua, kwa sababu halikuwa langu. Nilikuwa nalipitisha tu. Yusta akaniuliza, “Binti, hii ni nzima?” Nikamjibu, “Ningekupa kitu kibovu, mama?”

Hilo siyo jibu. Ni swali lililovishwa tabasamu. Huko uendako, muuzaji akikujibu swali kwa swali, simama hapohapo, usisogee mpaka akujibu.

Beringi ikaanza kulia kabla wiki haijaisha. Karibu na Kisesa ikakwama kabisa, tairi likalala, kirikuu kikaingia mtaroni na mzigo wote. Hakufa mtu, namshukuru Mungu kila nikikumbuka. Dagaa walinyeshewa mpaka wakaanza kunuka.

Akarudi hapa na beringi imefungwa kwenye gazeti, kitenge kina matope mpaka magotini. Hakupiga kelele. Angepiga kelele ningejua la kufanya, kelele tumezizoea. Aliiweka kaunta akasema, “Binti, angalia.”

Sikuangalia. Nilisema, “Fundi wako ameipiga nyundo wakati wa kufunga.”

Ndivyo tunavyosemaga wote. Na mara nyingine ni kweli, mafundi wengine wanafunga beringi kama wanapigilia msumari wa bati, ndiyo maana neno hilo ni tamu sana mdomoni mwa muuzaji. Yusta alinitazama kidogo. Akaifunga beringi yake kwenye gazeti, akaondoka. Wewe ukainua macho kwenye simu, ukayarudisha. Mimi nikakuambia ukaangalie maharage jikoni.

Basi nyota mbili zilitoka hapo. Lakini Jumanne ile sikuikasirikia beringi, nilikukasirikia wewe. Nilibishana na wewe kichwani huku nikiosha vyombo: beringi ni ya Deus, mbona mimi? Nikaazima simu ya dereva mmoja nione umempa Deus ngapi. Nne. “Bei nzuri, vitu viko kwenye maboksi yake, hana maneno mengi.” Ulikuwa umenunua plagi kwake, plagi nzuri tu. Nilisimama na simu ya watu mkononi, nikaona kama nimepigwa kofi upande wa pili. Mwenye kitu kibovu nne, aliyekipitisha mbili.

Jumatano nikaenda kwa Deus.

“Deus, nifungulie boksi jingine kama lile la Yusta.”

“La nini, Dada Suzi?”

“Fungua tu.”

Akafungua. Kwa macho ilikuwa mpya, grisi inang’aa. Nikaifuta kwa kitambaa, nikaiweka sikioni, nikaizungusha. Ilinguruma kama mtu anayetafuna mchanga. Chini ya ile grisi chuma kilikuwa na mikwaruzo. Beringi nzee, imeoshwa, ikapakwa, ikavishwa boksi jipya kama bibi harusi wa mara ya tatu. Tukafungua nyingine, na nyingine. Zote. Deus midomo ilimkauka. Namwamini kwamba hakujua, kuna mtu anamletea kwa pikipiki kwa bei ya chini na yeye hachunguzi.

Mimi nikawaka. “Sasa unaona? Mwanangu ameniandika nyota mbili kwa ajili ya beringi yako.”

Deus hakunijibu kwa ubaya. Alikuwa bado anaitazama ile beringi. Akasema tu, “Mimi nilikupa wewe, dada. Yusta nani alimuuzia?”

Nikaiweka beringi chini, Kabula. Miaka yote hii ya kaunta, hakuna aliyewahi kuniuliza swali fupi hivyo. Anayekiweka kitu mezani na kusema ni kizima, huyo ndiye muuzaji. Kiwe kimetoka stoo, kwa jirani, kwa pikipiki au mbinguni. Mteja hakumuona Deus. Aliuona uso wangu akauamini. Kwa hiyo ulikuwa sahihi. Mbili zilikuwa haki yangu, na nafikiri katika hizo mbili ile ya lugha nzuri ulinihurumia.

Hapo nimekupa haki yako. Sasa nichukue yangu.

Hukuniuliza. Ulikuwa hatua chache kutoka kwangu, ukaniandika kama unamwandika mtu uliyempita barabarani. Ungesema tu, “Mama, ile beringi ilitoka wapi?” ningekasirika, ningekufokea hata, lakini ungefika kwa Deus. Na kwa Deus ungefika kwa mtu wa pikipiki. Na zile nne za Deus zisingekuwa zimekaa pale zinawaita watu waje wachukue beringi zilizovishwa. Ulinunua plagi, ukalipa nyota duka zima. Ulipima plagi, mwanangu, hukupima duka.

Duka halijulikani siku ya kununua. Siku ya kununua sote ni wazuri, hata shetani angekupa soda. Duka linajulikana siku ya kurudisha. Rudi na kitu mkononi kimeharibika, uone kama mtu atakitazama au atakutazama wewe. Lakini na yeye msikilize, uliza nani alikifunga, alikifungia wapi, kwa sababu kuna muuzaji anayesingiziwa wakati kweli fundi alipiga nyundo.

Na usiwaamini mafundi haraka. Unakumbuka ulipokuwa darasa la nne, ukaniuliza kwa nini tunakula mlenda kila siku? Kulikuwa na fundi aliyekuwa ananiletea wateja, na kwa kila mteja fundi huyo alitaka cha juu chake, niongeze kwenye bei kisha nimpe pembeni. Siku niliyokataa, alizunguka gereji zote akisema pedi zangu za breki ni maboksi ya viatu yaliyokatwa. Hakuna aliyekuja kuuliza. Watu walipita hapa mbele wakitazama upande wa pili wa barabara, na mimi nimesimama na pedi nzima kabisa kwenye rafu. Tangu siku hiyo mtu akilisema duka vibaya najiulizaga alinyimwa nini, na akilisifu najiuliza anapewa nini. Ukiwa na nyota mkononi, jiulize hivyo na wewe kabla ya kuzitupa.

Kitu kingine kinachoniuma ni hawa wanaodhani duka la bei ndogo ni duka baya. Wengi wanaokuja hapa hawaiwezi ile ya Japani. Nikimwambia mtu, “Hii ya Kichina, itakufikisha mpaka uvune, ukivuna njoo uchukue ngumu zaidi,” nimemtendea haki, na yeye amejua alichonunua. Mwovu ni yule anayechukua hiyohiyo akaiweka kwenye boksi la Kijapani. Pima maneno ya mtu na kitu chake kama vinafanana. Vigae vya sakafuni na feni ya ukutani usivipe nyota, waachie wanaojenga nyumba.

Na rudi siku nyingine. Unakumbuka, au hukumbuki, ulikuwa mdogo sana, ile homa iliyokulaza nyuma ya pazia hapa? Nilikuwa nauza huku sikio liko kwako. Mtu aliomba plagi nikamsukumia bila kumwangalia usoni, hata chenji nadhani nilikosea. Ungenikuta siku ile ungenipa ngapi? Baba yako wakati huo alikuwa ameshakwenda kwenye machimbo Geita, akasahau njia ya kurudi. Nilikuwa mdogo kuliko wanavyodhani wateja, na nimechoka kuliko ninavyosema. Ukimkuta mwanamke mkavu kaunta, usimuhesabie siku moja. Labda kuna mtu nyuma ya pazia.

Jana ukanikosa nyumbani, nikakudanganya nimekwenda kununua mzigo. Nilikwenda Kisesa. Nilichukua beringi yangu nzuri, ile ngumu, nikaifungua na kuisikiliza kabla ya kuondoka, nikampelekea Yusta. Nilimkuta amekaa kwenye turubai anachambua dagaa na wanawake wenzake.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba. Umeleta nyundo?”

Wenzake wakacheka, walikuwa wameshasimuliwa. Sikuwa na pa kujificha, hata mti haukuwepo.

“Nimeleta beringi,” nikasema. “Ile ilikuwa mbovu. Fundi wako hakuipiga chochote.”

“Siku ile ulijua?”

“Sikuangalia.”

Akaendelea kuchambua, mchanga huku, dagaa huku. Kisha akasema, “Bora ungekuwa ulijua. Mwizi namwelewa, ana shida zake. Mtu asiyeangalia simwelewi.”

Kabula, nimetukanwa na madereva wa malori, nimetukanwa na wake zao. Hakuna tusi lililowahi kuniingia kama hilo, na halikuwa tusi.

Beringi aliikataa. Alikuwa ameshafunga nyingine. “Hiyo kamuuzie mwingine,” akasema, “ila mfungulie boksi.” Nikamwambia mwanangu anasafiri Jumamosi. Akanichotea dagaa kwenye gazeti, akasema wa huyo mwanao, wasiwe na mchanga njiani. Wale dagaa uliowasifia jana ukaongeza mara mbili, ni wake.

Nilirudi nikiwa mwepesi. Nilipanga leo nikuite, nikuambie yote, tucheke. Asubuhi kabla hujaamka akaja yule dereva wa Noah.

“Shemeji, mmepandishwa cheo?”

“Cheo gani?”

Akageuza simu anionyeshe. “Kabula Spea. Nyota tano. Muuzaji mwaminifu, vitu vyote ogi.” Akashuka mpaka chini, akasoma jina lako, akanitazama, akatazama ubao. “Huyu mwandishi si ndiye mwanao?”

“Ndiye.”

“Aa,” akasema. “Basi nimeelewa.” Akaitia simu mfukoni.

Huo ndio mshtuko wa pili. Ule wa kwanza ulikuwa kofi, huu ni kama kuona ukuta wa nyumba unasogea. Yule mtu hatanunua kwangu pungufu, ataendelea kuja na kuniita shemeji. Lakini hataiamini tena nyota yoyote yenye jina lako. Kuna yule kijana mwenye fremu ya kona, mkweli, anayekuambia mwenyewe “hii usichukue,” ulimpa tano anazostahili. Sasa na zake zimeoza, kwa sababu zimelala kapu moja na zangu.

Najua kwa nini ulifanya. Nilimsikia bibi yako akikuambia, “Unamwandika vibaya mama yako mzazi, halafu upande basi? Safari hiyo itakuwa na baraka?” Na ukaniona sili. Ulidhani nalilia nyota. Nilikuwa nalilia lile swali la Deus. Bibi yako usimkasirikie, anakupenda kwa namna anayoijua. Ila mimi ndiye mama, na baraka ni zangu kutoa: nimeshakupa, tangu ulipokuwa mgongoni unanivuta nywele. Hazinunuliwi kwa nyota tano, na kwa nyota mbili hazipungui.

Na hilo la “vitu vyote ogi,” kwamba kila kitu hapa ni orijino, limeniaibisha kuliko stoo. Mimi mwenyewe sijawahi kulisema. Nusu ya rafu hii ni ya Kichina, na naisema.

Huko Dodoma utasimama mbele ya mwanamke kama mimi. Amechoka, anakukaribisha vizuri, kitu chake kibovu. Atakuwa na watoto, atakuwa na machozi, pengine atakuwa Msukuma mwenzako na atakuamkua kwa Kisukuma. Utampa mbili, kwa sababu anastahili mbili. Na atakuuliza, kama Deus alivyoniuliza mimi, swali fupi: “Na mama yako ulimpa ngapi?”

Kwa hiyo naomba unirudishie zangu. Mbili, kama zilivyokuwa. Safari hii uniulize kwanza, na jibu langu liandike chini yake, hili hapa: Ni kweli. Beringi ile sikuifungua. Sasa boksi linafunguliwa mbele ya mteja, na kisichokuwepo tunasema hakipo. Leo nimeshalisema neno hilo mara ya kwanza. Mtu aliomba shokapu nikamwambia, “Sina.” Lilitoka kama jino. Akasema asante, akaenda kwa Deus kwa miguu yake mwenyewe, na nikamsikia Deus akichana boksi.

Kisha uwaambie wakubwa wako kwamba duka hili ni la mama yako. Kama hawakuuliza, waambie hivyohivyo. Wakisema kwa sababu hiyo wanakuondolea duka letu apewe mwingine kulipima, ndivyo inavyotakiwa. Wakikukasirikia kwa kuzibadilisha, wakukasirikie mapema, ukiwa bado na mikono safi ya kuanzia.

Na Deus uende ukamuulize jioni hii, kabla hajafunga. Anakungoja, nimemwambia utakuja. Amejitengeneza uso kama mtu anayengoja sindano.

Nitakusindikiza kesho, nitabeba lile begi zito, na sitakuuliza umeandika nini. Njiani tutaongea mambo ya kawaida, blanketi na kadhalika. Nitaazima simu niangalie ukishaondoka.

Kwenye mfuko wa pembeni wa begi, ndani ya soksi, utakuta kitu kizito. Ni ile beringi aliyoikataa Yusta. Siyo ya kuuza. Baba yako alinifundisha kuisikiliza, ni kitu pekee alichotuachia ukiondoa pua yako. Siku utakayochanganyikiwa huko, mtu anakusifia, mwingine anakulilia, mwingine anakupa soda, rudi chumbani kwako, iweke karibu na sikio, uizungushe taratibu. Mbovu ndiyo inayopiga kelele. Hiyo hutasikia kitu.

Mama yako Suzana,
mwenye duka la nyota mbili.